Aliyeniita Kule Mwambani

Kristiansund, Norwe
Jumapili, mwanzoni mwa Desemba

Kwako Baba yangu, Mzee Shomari,

Shikamoo Baba, tena shikamoo ya kupiga magoti, maana ni muda sijakuamkia ana kwa ana. Mie mwanao Zuhura ni mzima, ila baridi inanitafuna vidole na hapa ninapoandika nimevaa soksi mbilimbili. Mkweo Terje naye hajambo, yuko kazini baharini kwenye mtambo wa mafuta, atarudi wiki ijayo. Hofu yangu ni wewe. Goti linasemaje? Na kile kikohozi cha asubuhi? Unijibu kweli, usinijibu kama unavyomjibu kaka Athumani, maana yeye ukimwambia "sijambo" najua unataka tu akate simu.

Utashangaa kuletewa karatasi wakati simu ipo. Baba, simu yako siku hizi anaishika Athumani au mkewe wakija kukutazama, na wanaifungulia sauti kila aliyepo asikie. Haya ya leo sitaki yasikiwe na sebule nzima. Anayekukabidhi barua hii ni Rehema, mwenyeji wa Mikocheni, tunafanya kazi pamoja huku na anakuja kuwaona watu wake. Vaa miwani, kaa barazani, uisome peke yako kwanza. Ukishamaliza, kuwasomea wengine ni hiari yako.

Mwezi wa tisa Athumani alinipigia akiwa amejifungia chumbani, ananong'ona.

"Zuhura, Mzee hayuko sawa," akasema. "Jioni anakaa uani anaongea na Mama. Jana manyunyu yameanza, nimemkuta anahangaika kuanua samaki ambao hawapo."

Akaniambia yeye na Dada Mwantumu wamekubaliana wakuhamishie kwake Madale, kwenye vilima na hewa nzuri, na ule uchanja wa Mama wa kuanikia samaki uvunjwe. Nyumba za watu hapo Kurasini zimebaki za kuhesabu, akasema, malori yanapita dirishani na makontena yamepangwa mpaka kwenye ukuta wa choo chetu, nani atakuona ukianguka? Walikuwa wanasubiri kauli yangu tu. Nikamwomba anipe muda. Sikumwambia kwa nini. Sikumwambia kwamba na mie, huku nilipo, Mama alikuwa ameshaanza kunijia.

Ili unielewe, kwanza nikueleze mji wenyewe. Najua hutachoka, kwa sababu kila tukizungumza swali lako la kwanza ni bandari.

Mji huu umekaa juu ya visiwa, na visiwa vimeizunguka bandari kama watu waliozunguka sinia la wali. Madaraja yapo, lakini watu wa zamani bado wanapenda kiboti cha abiria kinachozunguka kutwa kutoka gati moja hadi jingine. Mashamba ya kueleweka hakuna, ni mawe matupu. Nilipofika nilimuuliza Terje, sasa mji wa mawe unakula nini? Akacheka, akanionyesha bahari. Zamani walikuja wafanyabiashara wageni, Waholanzi na Waskoti, wakawafundisha watu wa hapa kumtia samaki chumvi na kumkausha juu ya mwamba. Kuanzia hapo meli zikawa zinapakia samaki mkavu kupeleka Hispania na Ureno, mpaka Brazili, zikirudi na chumvi na mafuta ya zeituni. Matajiri wakajenga maghala ya mbao ambayo nusu yake yamesimama juu ya maji, na mengine yapo mpaka leo. Chakula chao cha fahari, cha kumwekea mgeni, wamekitoa huko Ureno: samaki mkavu aliyelowekwa, nyanya, vitunguu, viazi. Hata nyimbo walileta. Mji mdogo hivi una watu wake wa kuimba michezo mikubwa ya jukwaani, na kila majira ya baridi wageni wanakuja kuwasikiliza. Siku hizi mkate wa mji ni mafuta. Meli zinazolala bandarini ni zile zinazopeleka vyakula na mabomba kwenye mitambo. Lakini samaki hajaachwa, na mie kazi yangu ni kwenye samaki huyo.

Akikauka wanampa jina ambalo maana yake ni samaki wa mwambani. Baba, ni ng'onda. Wanampasua vilevile, wanamfungua kama kitabu, wanamlaza kwenye chumvi, tofauti ni kwamba sasa anakaushwa kwa mashine kwenye chumba chenye feni. Siku ya kwanza nilipoingizwa chumba kile nilivuta pumzi moja nikawa uani kwetu. Ile chumvi, na ule ukali ulio nyuma ya chumvi. Msimamizi aliniuliza kama naumwa.

Zamani hakukuwa na feni. Wanawake wa mji ndio walioanika, juu ya miamba iliyo wazi kwa jua na upepo. Asubuhi wanatandaza, jioni wanakusanya, wanapanga marundo ya duara na kuyafunika kwa mifuniko ya mbao mithili ya kawa. Mvua ikinyemelea, mmoja anapiga ukelele, na wanawake wote wanapanda mbio kuanua. Wamewawekea sanamu, Baba. Pale gatini kuna mwanamke wa shaba, mwanamke wa ng'onda, anatazama bandari. Sijui mji mwingine uliomheshimu mtu wa kazi ya Mama namna hiyo.

Mama mkwe wangu, Borghild, alianza kazi hiyo akiwa msichana, na mama yake alikuwa nayo kabla yake. Mama yake ndiye aliyekuwa mpiga ukelele wa upande wetu wa mji. Mwanamke huyo ndiye aliyemwokoa Borghild wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, ndege za Wajerumani zilipoumwagia mji mabomu. Mji ulikuwa wa mbao, ukateketea. Borghild alikuwa mtoto wa kubebwa, mama yake akamfunga ndani ya shali akavuka naye maji huku nyuma kunawaka. Baadaye walijenga upya, wakapaka nyumba rangi za kila namna, utadhani wanamzuga mtu asikumbuke. Kisiwa chetu nyumba nyingi za zamani zilipona, na tunakaa katika mojawapo, Borghild chini, mie na Terje juu. Mbao zake zimenyonya chumvi kwa miaka. Siku za unyevu chumvi inatoka ukutani, ukipitisha kidole na kulamba unaisikia.

Mwaka wangu wa kwanza hapa nilimpikia Borghild samaki wao, lakini nikatia tui la nazi na pilipili. Alikula kimya mpaka sahani ikawa nyeupe.

"Nani kakufundisha kuloweka samaki?" akaniuliza.

"Mama yangu."

"Anabadilisha maji mara ngapi?"

"Hahesabu. Anaonja mpaka ukali utoke."

"Basi anajua," akasema, na tangu siku hiyo akaacha kuniita kwa jina, akawa ananiita binti. Nilimweleza Mama kwenye simu. Unakumbuka alivyocheka? Alisema, "Mwambie huyo bibi aje tupasue naye papa, nione kama mkono wake mwepesi." Nilifikisha salamu hizo. Borghild alizifurahia sana, na kila baada ya muda alikuwa ananiuliza mama yangu yule mwenye samaki anaendeleaje.

Mama alipofariki ulinipigia wewe mwenyewe asubuhi, na alasiri mlikuwa mmeshamzika, kama inavyotakiwa. Silaumu. Lakini nyie mlishika udongo, Baba. Mie siku ile nilikuwa nimevaa glavu za mpira, nimeshika samaki. Nilirudi nyumbani nikakaa jikoni kwa Borghild. Hakuniambia pole. Alinivua glavu ambazo nilikuwa nimesahau kuzivua, akaniosha mikono kwa maji ya moto, polepole, kama mtu anayemwosha mtoto.

Baada ya hapo nikaanza kumsikia Mama. Mwanzo halikuwa neno. Ilikuwa ile kuguna yake ya kusafisha koo kabla hajamwita mtu. Niko chumba cha kukaushia, nimeinama, nyuma yangu naisikia, karibu na sikio kabisa. Nikigeuka ni feni. Sikumwambia mtu. Kwa Terje ningeanza vipi?

Na majira yaleyale Borghild naye akaanza kutoka nje. Akili yake ilikuwa inamhama kidogokidogo. Wingu likijikusanya tu anasimama.

"Mama anaita," anasema. "Samaki watalowa."

Huko mwambani hakuna samaki tangu zamani, ni nyasi na kinyesi cha ndege. Mwanzoni nilikuwa namwambia ukweli, kwamba mama yake alishakufa, na kila nikimwambia alikuwa anafiwa upya, analia kama habari imefika leo. Nikaacha. Nikawa navaa koti, nampa mkono, tunapanda wote. Anatazama mwamba mtupu, anaguna, anasema, "Wameshaanua." Tunarudi kunywa kahawa. Terje hakulipenda jambo hilo. "Unamlisha ndoto," aliniambia. Nikamjibu kwamba angalau ananishika mkono akienda.

Sasa nikueleze siku yenyewe. Ni mwezi uliopita, Terje akiwa baharini kama leo. Nilitoka kazini alasiri. Huku mwezi wa kumi na moja alasiri ni giza tayari, na siku ile mvua ilikuwa imechanganyika na barafu, inachapa usoni. Nikakuta mlango wa Borghild uko wazi na maji yameingia ukumbini. Koti lake liko kwenye msumari. Viatu vyake viko chini ya koti.

Nilikimbia kwanza gatini. Nahodha wa kile kiboti ni jirani yetu, mzee Arne.

"Hajapanda kwangu," akasema. "Angepanda ningemjua hata kwa mgongo, namjua tangu utoto wangu." Akatazama nguo zangu zilizolowa, kisha akafunga kamba za boti bila kuuliza zaidi. "Tangulia. Nawaita majirani."

Tulipanda na tochi, wote watu wazima, mpaka mwamba ule ambao huwa nampeleka. Hayupo. Tukaita. Upepo ulikuwa unachukua majina na kuyatupa. Arne akasema tuteremke upande wa kulia, kwa sababu ndiko kwenye njia ya miguu, na kila mtu akaenda huko. Mie nilibaki juu. Siwezi kukupa sababu. Miguu ilikataa.

Ndipo nikasikia ile kuguna. Halafu sauti yake nzima, Baba, kwa Kiswahili, si kama ndoto na si kama upepo.

"Zuhura. Wee Zuhura. Njoo tuanue, mvua hiyo."

Unajua alivyokuwa akilivuta jina langu mwishoni, kila siku kama ameniita mara ya tatu na sijaitika. Hivyohivyo. Mdomo wangu ulijibu kabla sijawaza chochote. "Abee Mama." Nilisema kwa sauti. Arne aliniambia baadaye kwamba alinisikia nikijibu, akadhani nimempata Borghild, ndiyo sababu akageuka kunifuata.

Sauti ilitokea kushoto, nyuma ya ghala bovu la tajiri mmoja wa zamani, mahali palipozungushiwa waya kwa sababu mwamba wake unateleza na hauna njia. Nilipita chini ya waya. Nilikuwa natambaa zaidi ya kutembea, mikono imekufa kwa baridi. Nikaitwa tena, safari hii chini kidogo, kama mtu aliyeniona sasa na hana haja ya kupaza. Nikafuata. Kulikuwa na kiukuta kifupi cha mawe, nadhani walikuwa wanaegemeza samaki hapo zamani, na nyuma yake nikamkuta Borghild.

Alikuwa amekaa kitako na gauni la kulalia, miguu mitupu, mikono ameilaza mapajani. Hakuwa akilia wala kutetemeka. Alikaa kama mtu aliyeambiwa asubiri. Hatua moja mbele yake mwamba unakatika, na chini nilisikia maji yanagonga.

"Mama, umefikaje huku?"

"Nilikuwa nateremka," akasema. "Kaniambia nikae."

"Nani?"

"Yule mama. Kaniambia nikae hapahapa, binti yake anakuja."

Nilimfuta maji usoni kwa kiganja. Kisha nikauliza, "Kakwambia kwa lugha gani?"

Akanitazama kama nimeuliza jambo la kipuuzi. "Kaniambia," akajibu.

"Yuko wapi sasa?"

Akanyoosha kidole, akaonyesha nyuma yangu.

Sikugeuka, Baba. Nilimkumbatia Borghild, nikafumba macho, nikabaki hivyo mpaka niliposikia viatu vya Arne na mwanga wa tochi yake ukatupata. Kila siku najiuliza kwa nini sikugeuka. Mama yangu mwenyewe, aliyenibeba, na niliogopa.

Hospitalini alipopata joto, Borghild alinieleza yule mama alivyovaa. Nguo mbili nyepesi, moja amejifunga kifuani na nyingine amejitanda, akaniambia na rangi zake, na kilichochorwa katikati. Alikuwa anasikitika kwamba mwanamke mzima anatoka kwenye mvua ile na nguo nyepesi hivyo, akaniuliza kama tumempa koti. Picha ya Mama iliyo ukutani kwangu ni moja tu, amevaa lile gauni la harusi ya Athumani. Na kanga hajapata kumwona mtu nazo, maana za kwangu nimezifungia sandukuni, huku ni baridi, nazivaa lini?

Najua utakachosema. Utasema wafu wana kwao, hawarudi. Ndivyo ulivyotufundisha, ndivyo ninavyoamini, na kila Ijumaa namsomea Mama Yasini kama ulivyoniagiza. Sikuletei mafundisho mengine. Nakuletea nilichosikia, kwa sababu naona katika watu wote wa nyumba yetu wewe ndiye usiyehitaji kushawishiwa.

Terje alirudi kesho yake kwa helikopta. Alikaa kitandani kwa mama yake muda mrefu, kisha akanitoa ukumbini.

"Hawezi kurudi nyumbani," akasema.

"Nitaacha kazi. Nitakaa naye."

"Angekufa, Zuhura."

"Hakufa."

"Safari hii," akasema. Nilimweleza kuhusu sauti. Alinisikiliza mpaka mwisho, hakunicheka, akanishika bega akasema nilikuwa nimechoka na nimeogopa, na kwamba vyovyote ilivyokuwa anashukuru. Baadaye nikamsikia bafuni amefungulia maji yaende ili nisimsikie analia. Si mtu mbaya, Baba. Anampenda mama yake na anataka awe hai, basi.

Wakampeleka kwenye nyumba ya kutunzia wazee, mtaa wa juu mbali na maji. Ni pasafi, wahudumu ni wapole, wanamjua kwa jina na wanajua anapenda kahawa ya namna gani. Dirisha lake linatazama kilima. Tangu ahamie kule, mawingu yanakuja na kupita, na hajasimama hata mara moja. Wanatuambia ametulia. Ni kweli ametulia. Yuko salama kama sahani za wageni kabatini.

Wiki iliyopita nilimwendea kutoka kazini moja kwa moja, sikubadili nguo. Mvua ilikuwa inapiga kioo. Aliichukua mikono yangu akainusa, ile harufu ya chumvi ikamrudisha kidogo, nikaona macho yamekuja.

"Simsikii tena," akasema.

"Nani, Mama?"

"Mama. Hajui nilipo. Hakuna aliyemwambia kwamba nimehama."

Akanipapasa vidole kimoja kimoja.

"Na wako?" akauliza.

"Na wangu kanyamaza," nikamwambia. Na ni kweli. Tangu siku ile, kwenye chumba cha kukaushia ni feni tu. Nageuka makusudi, nasubiri, nasafisha koo mimi mwenyewe ili nione kama atanijibu. Sikujua kama mtu anaweza kuutamani tena woga wake. Tulikaa hivyo, mie na bibi yule, tunatazama mvua, hakuna aliyekuwa akituita.

Nilipotoka hapo nilimpigia Athumani nikiwa bado barabarani.

"Kaka, Baba asihamishwe."

"Unataka aanguke uani tumwokote asubuhi?"

"Nataka aulizwe. Na uchanja msiuguse."

"Anaongea na maiti, Zuhura."

"Mwache aongee. Mradi mtu awepo ndani."

"Mtu gani?" Sasa alikuwa amekasirika. "Mwantumu ana watoto, mie nina kazi, wewe uko Ulaya unatupangia mtu awepo. Mtu gani?"

"Mie," nikamwambia.

Nikasikia anafunga mlango. Kisha akasema kwa sauti nyingine, ya utotoni, ile aliyokuwa nayo akitaka kulala chumba chenye taa.

"Unadhani mie simsikii Mama? Unadhani kwa nini silali hapo tena? Nikikaa sebuleni nasikia anavyotua beseni pale chini ya uchanja. Nataka uvunjwe, Zuhura, kwa sababu mie siwezi."

Usimwambie kama nimekueleza. Lakini ujue kwamba anayetaka kukuhamisha hakuoni wewe ni mwendawazimu. Anaogopa, kama nilivyoogopa mie mwambani, na yeye hana wa kumwambia. Siku akija, ukipata nafasi, mkalishe karibu nawe. Usimuulize kitu.

Tumekubaliana hivi. Kiwandani nimeomba ruhusa ndefu na nimeipata. Terje naye ameridhia, amesema atakuwa anakwenda kwa mama yake kila akiwa nchi kavu, na nimemwomba siku za mvua asikae naye ndani, amfunge shali, amshushe kwa gari mpaka gatini, wakae tu wasikilize. Alisita. Halafu akasema atajaribu. Mie nakuja mwezi wa pili, kabla ya mfungo, na nitakaa hapo Kurasini, chumba cha uani, siyo Madale. Mpaka hapo Athumani hataugusa uchanja, ameniapia. Nikishafika, wewe ndiwe utakayesema kama unataka kuhama au hutaki, na utakachosema ndicho kitakachofuatwa.

Nina ombi moja. Kanga aliyonieleza Borghild, rangi zake na michoro yake, sijaiandika humu kwa makusudi. Chukua karatasi, uniandikie wewe jioni huko uani ulimwona Mama amevaa ipi. Usimuulize Mwantumu, wala usifungue sanduku la Mama kutazama. Andika ulichoona, umpe Rehema, atakupitia kabla ya kurudi huku. Zikiwa tofauti, nitajua ni majonzi yangu na ya bibi mgonjwa, na nitakuja hivyohivyo, hakitabadilika kitu.

Nisalimie Dada Mwantumu na mumewe, na watoto wao, waambie mama mdogo siku hizi anatembea juu ya barafu bila kuanguka, au niseme bila kuanguka sana. Msalimie mke wa Athumani, najua ni yeye anayekufulia na kukupigia pasi kanzu za Ijumaa, na sijawahi kumshukuru inavyostahili. Bi Pili jirani yetu, anayekuletea uji, mpe ile shali ya sufu iliyo kwenye mfuko alioubeba Rehema. Nyingine ni yako, ya goti. Na Rehema mwenyewe mkaribishe akae, usimwache aondoke na njaa, ni mtu mwema na huku ndiye ndugu yangu.

Borghild naye anakusalimu. Nilimwambia nakuandikia, akasema niseme hivi: mwambie baba yako nimemwona mkewe, ni mama mpole, na mkono wake ni mwepesi.

Karatasi inakaribia kuisha na huku nje kumeshaanza kunyesha. Jitunze, Baba, kula hata kama hujisikii, na jioni usikae uani bila shali. Mama akija tena kabla sijafika, mwambie nakuja.

Ni mie mwanao kitindamimba,
Zuhura